Maswali ya Wasomaji: Helikopta Nyepesi za Kijeshi Zinapozeeka

Katika toleo lililopita tulitaja kwa ufupi kwamba Jeshi la Anga la Ureno liliziaga helikopta zake za Alouette III mwaka 2020, baada ya kuzitumia tangu mwaka 1963. Aya ile moja imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima iliyoibeba. Wengi wanauliza jambo lilelile kwa njia tofauti: chombo chepesi cha kijeshi, kilichobuniwa zama ambazo kompyuta moja ilijaza chumba, kinawezaje kuendelea kuruka hadi leo, na ni nini hasa kinachokifikisha mwisho wake? Tumechagua barua tano.

SWALI: Gari lenye miaka 20 tayari tunaliita chakavu. Inakuwaje helikopta yenye miaka 50 inaruhusiwa kupaa ikiwa na watu ndani?

JIBU: Ndugu msomaji, mfano wa gari ndio unaotupotosha. Gari huzeeka lote kwa pamoja, na mwenye nalo hubadilisha kipuri kinapoharibika. Helikopta haina umri mmoja, bali ina umri mwingi kadiri ya sehemu zake, na sehemu zile muhimu zaidi hazingojwi ziharibike. Kila kipande kinachobeba mzigo mkubwa, kama vile mapanga ya rafadha kuu (yale yanayozunguka juu ya chombo na kukiinua), kitovu kinachoyashikilia, mhimili unaokizungusha kitovu hicho na gia zilizo chini yake, kimewekewa ukomo wa saa za kuruka, au wa miaka, au wa vyote viwili. Kikifikia ukomo huo hutolewa na kutupwa, hata kama fundi mwenye macho makali kuliko wote haoni ufa wowote juu yake.

Sababu ya ukali huo ni uchovu wa metali. Rafadha kuu ya Alouette III huzunguka zaidi ya mara 350 kwa dakika, maana yake ni zaidi ya mara 21,000 kwa saa moja, na kwa saa 1,000 za kuruka ni zaidi ya mara milioni 21. Chombo kinapokwenda mbele, kila panga hukutana na upepo mkali likiwa upande mmoja na upepo dhaifu likiwa upande wa pili, hivyo katika kila mzunguko mzigo wake hupanda na kushuka. Hakuna hata mzigo mmoja kati ya hiyo unaoweza kulivunja panga peke yake, lakini kwa pamoja huanzisha ufa mdogo usioonekana, na ufa huo ukishaanza kutembea katika metali hautoi muda mrefu wa kuugundua. Kwa hiyo waundaji huchukua vipande vya aina hiyohiyo, huvitikisa kwenye mitambo ya majaribio hadi vivunjike, kisha hupanga ukomo wa matumizi ulio chini sana ya hapo vilipovunjikia.

Ndiyo maana helikopta iliyotoka kiwandani mwaka 1970 inaweza kuwa na mapanga ya miaka sita, giaboksi iliyofunguliwa na kuundwa upya mwaka jana, na injini ambayo imeshafungwa katika helikopta nyingine tatu kabla yake. Kilichobaki cha mwaka 1970 ni fremu na kibao chenye namba ya kiwandani. Hata hivyo, fremu nayo huzeeka, na adui yake mkubwa ni kutu kuliko uchovu. Majumba ya giaboksi za zama zile mara nyingi yaliundwa kwa mchanganyiko wa magnesi, ambao ni mwepesi sana lakini huliwa haraka na hewa ya chumvi, na helikopta iliyoishi juu ya meli au ufukweni inaweza kuwa imeoza ndani ilhali rangi yake ya nje inang'aa.

Niongeze jambo moja ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha. Gazelle ya Ufaransa na Bo 105 ya Ujerumani, zote zilizobuniwa katika miaka ya 1960, zilitumia mapanga ya faiba wakati wenzao wengi wakitumia ya metali. Katika faiba, uharibifu huenea polepole na huonekana kwa ukaguzi wa kawaida, tofauti na ufa wa metali. Uamuzi huo wa wabunifu ni mojawapo ya sababu zilizoziwezesha helikopta hizo kudumu kwa muda mrefu jeshini. Bo 105 za jeshi la Ujerumani ziliendelea hadi mwaka 2016.

SWALI: Nimesoma kwamba India bado inatumia helikopta zenye asili ya Alouette katika milima ya Himalaya. Je, ni kukosa fedha, au mashine hizi zina siri ambayo mpya hazina?

JIBU: Siri ipo, nayo inaelezeka. Injini ya Artouste IIIB iliyofungwa katika Alouette III ina uwezo wa kutoa nguvu farasi 870, lakini imezuiwa kwa makusudi isitumike zaidi ya nguvu farasi 570 hivi. Msomaji anaweza kudhani huo ni upotevu. Kumbe hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda juu, na injini ya kawaida huanza kuishiwa nguvu tangu mita za mwanzo, ilhali hii ina akiba kubwa ambayo huanza kutumika pale wenzake wanapochoka. Isitoshe, injini isiyofikishwa kwenye kikomo chake haichakai upesi. Wafaransa waliichukua injini hiyo, wakaiweka katika umbo jepesi la Alouette II lililoimarishwa, wakapata helikopta iliyoitwa Lama. Tarehe 21 Juni 1972 rubani Jean Boulet aliipandisha Lama hadi mita 12,442. Injini ilizimika huko juu kwa baridi, naye akashuka hadi ardhini bila injini, rafadha ikizungushwa na upepo wa kushuka kwake mwenyewe.

Kampuni ya HAL ya India iliunda Alouette III kwa leseni na kuiita Chetak, kisha ikaunda Lama na kuiita Cheetah. Tangu jeshi la India lilipoingia katika barafu ya Siachen mwaka 1984, Cheetah imekuwa ikipeleka mahitaji na kuwashusha wagonjwa katika vituo ambavyo baadhi viko juu ya mita 6,000, mahali ambapo helikopta nyingi kubwa na za gharama zaidi haziwezi kutua na kupaa tena.

Lakini nisikufiche nusu ya pili ya jibu. Cheetah haikubaki Siachen kwa ubora wake peke yake. Makubaliano ya mwaka 2015 ya kupata helikopta 200 za Ka-226T kutoka Urusi yalikwama, na helikopta nyepesi ya HAL yenyewe, iliyoruka kwa mara ya kwanza Septemba 2016, imechukua miaka mingi kufikia hatua ya kuzirithi zile za zamani. Katika muda huo wote marubani wameendelea kuingia katika mabonde yenye mawingu wakiwa na injini moja na ala za kizazi cha babu zao. Chombo kinapodumu kwa sababu kinafaa, hilo ni jambo la kusifiwa. Kinapodumu kwa sababu mrithi wake amechelewa, mzigo wa ucheleweshaji ule unabebwa na vijana wawili waliokaa mbele, na sidhani kwamba ni haki kuuficha chini ya sifa za mashine.

SWALI: Mimi na ndugu yangu tunabishana. Yeye anasema OH-58 Kiowa ya Marekani iliuawa na droni. Mimi nasema ilichakaa tu. Ni nani mwenye haki, na helikopta zenyewe zimekwenda wapi?

JIBU: Kila mmoja wenu ana nusu, na historia ya chombo hiki inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila jambo linalozipata helikopta nyepesi za kijeshi uzeeni.

Mwaka 1965 kampuni ya Bell ilishindwa na Hughes katika shindano la helikopta nyepesi ya upelelezi ya Jeshi la Marekani. Bell waliichukua ile iliyokataliwa, wakaiunda upya kwa soko la kiraia kwa jina la JetRanger, nayo ikapendwa mno. Shindano lilipofunguliwa tena, umbo hilohilo lilishinda mwaka 1968, na OH-58A zaidi ya 2,000 zikaundwa. Ilikuwa helikopta ndogo kwelikweli: uzito wake wa juu wa kupaa ulikuwa kilo 1,360 hivi, na injini yake ilitoa nguvu farasi 317.

Katika miaka ya 1980 nyingi kati ya hizo hazikutupwa, bali zilirudishwa kiwandani na kutoka zikiwa OH-58D. Zilipewa mapanga manne badala ya mawili, injini ya nguvu farasi 650, na lile tufe lililokaa juu ya rafadha, lenye kamera na leza, ambalo liliiwezesha helikopta kujificha nyuma ya miti na kuchungulia kwa jicho hilo tu. Baadaye ziliongezewa makombora na bunduki, na uzito wa juu ukafika karibu kilo 2,500. Yaani fremu zilizoanza maisha kwa kilo 1,360 zilimaliza utumishi zikibeba karibu mara mbili ya hizo. Hapo hoja yako ya uchakavu ina nguvu: katika joto na milima ya Afghanistan, marubani walilazimika kupima kila kilo ya mafuta na risasi.

Hata hivyo, jeshi halikungoja zichakae ndipo litafute mrithi. Lilijaribu mara nyingi. Helikopta ya RAH-66 Comanche ilifutwa mwaka 2004 baada ya kumeza takriban dola bilioni 6.9. ARH-70 ilifutwa mwaka 2008. Mpango uliofuata uliachwa mwaka 2013, na hapo ndipo wakuu wa jeshi walipoamua kuiondoa Kiowa bila mrithi, kazi yake wakiigawa kati ya helikopta kubwa ya Apache na droni za Shadow. Kiowa Warrior, yaani zile OH-58D zenye silaha, zilistaafu mwaka 2017, na OH-58C za mwisho, za toleo la zamani zaidi, zilistaafu mwaka 2020, zikiwa zinatumika katika kituo cha mafunzo cha Fort Irwin, California. Kisha Februari 2024 jeshi lilitangaza kwamba linafuta pia mradi wa FARA, uliokuwa ulete helikopta mpya kabisa ya upelelezi, na katika tangazo hilohilo likasema kwamba Shadow nazo zinaondolewa. Mweleze ndugu yako kwamba droni iliyoambiwa imrithi mzee huyu nayo imestaafu miaka michache tu baada yake.

Kuhusu ziliko, helikopta 16 zilikwenda Kroatia, 24 Tunisia, na 70 Ugiriki, ambazo ziliwasili kwa meli katika bandari ya Volos mwezi Mei 2019. Nyingi za aina hii hutolewa kama zawadi, mpokeaji akilipia usafirishaji, ukarabati na mafunzo. Baadhi ya zile za Ugiriki zilitengwa tangu siku ya kwanza kwa ajili ya kuchinjwa, kama mafundi wetu wanavyosema kuhusu gari linalonunuliwa kwa ajili ya spea zake, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mtumiaji mkubwa anapoiacha helikopta, viwanda vilivyokuwa vikiunda vipuri vyake hupoteza sababu ya kuviunda. Lile tufe la juu ya rafadha halimo katika helikopta yoyote ya kiraia, na siku litakapokosa lenzi au kadi yake ya umeme, hakuna duka la kuliendea. OH-58A za zamani, kinyume chake, zinatumia injini ya ukoo wa Allison 250, ambao umeundwa zaidi ya injini 30,000 na bado unahudumiwa duniani kote. Ni jambo la kushangaza, lakini ile ya kale zaidi ndiyo iliyo rahisi zaidi kuiweka hewani.

SWALI: Je, saa moja ya kuruka jeshini ni sawa na saa moja ya kiraia?

JIBU: Hapana. Jeshini rubani mwanafunzi hurudia mara nyingi zoezi la kushuka bila nguvu ya injini, chombo hutua penye mchanga, na injini huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku. Magurudumu ya turbini ndani ya injini, yanayozungushwa na gesi ya moto, huhesabiwa kwa idadi ya kuwashwa pamoja na saa, kwa kuwa kila kuwashwa huyachoma na kuyapoza. Kwa upande mwingine, helikopta nyingi za jeshi hukaa hangani kwa miezi, na kukaa huko si mapumziko: mipira ya kuzuia mafuta hukauka, unyevu huingia katika beringi, na panya hutafuna nyaya.

SWALI: Sisi ni kikundi cha wakulima wakubwa. Tumeonyeshwa OH-58A iliyotoka jeshini kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya helikopta mpya, nasi tunafikiria kuitumia kunyunyizia dawa mashambani. Je, tuinunue?

JIBU: Nitawajibu kwa urefu, kwa sababu hili ndilo swali ambalo jibu baya linaweza kuua.

Msilipe chochote kabla hamjaenda kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yenu na kuuliza kwa maandishi ni cheti gani chombo hicho kinaweza kupewa. Helikopta iliyoundwa kwa ajili ya jeshi haikupita katika njia ya vyeti vya kiraia, hata kama inafanana na JetRanger kama pacha. Nchini Marekani vyombo vya aina hii vinaweza kusajiliwa katika kundi lenye masharti, lililotengwa kwa kazi maalumu kama vile kunyunyizia dawa, kuhudumia misitu, kupima ardhi na kufanya doria, na ni marufuku kubeba abiria au mizigo kwa malipo. Nchini Uingereza, Gazelle zilizotoka jeshini huruka kwa kibali maalumu ambacho hakiruhusu biashara ya kubeba abiria. Nchi nyingine hazivipokei kabisa.

Kisha ombeni nyaraka, na mzisome kabla hamjakitazama chombo chenyewe. Kila sehemu yenye ukomo lazima iwe na kadi yake, inayoonyesha namba ya sehemu, namba yake ya pekee, saa ilizoruka na helikopta zote ilizowahi kufungwa. Mpeni fundi mwenye leseni, asiyelipwa na muuzaji, asome namba iliyochongwa kwenye kipande chenyewe na kuilinganisha na kadi. Kadi isipokuwepo, kipande hicho hakina maisha yanayojulikana, na kisichojulikana lazima kihesabiwe kuwa kimekwisha. Muuzaji atawaambia kwamba kinaonekana kipya. Mkumbuke nilichomjibu msomaji wa kwanza: ufa wa uchovu hauonekani. Waundaji wamewaonya mara nyingi wanunuzi wa vipuri vya ziada kutoka majeshini, kwa sababu kipande kilichoondolewa jeshini kwa kuisha muda hufanana kabisa na kizima, na kimewahi kusafishwa, kupakwa rangi na kurudishwa sokoni. Mkishajumlisha bei ya kubadilisha kila kitu kisicho na kadi, mtaiona bei halisi ya helikopta hiyo, na huenda isiwe tena sehemu ndogo ya ile mpya.

Lipo pia jambo la kazi yenyewe. OH-58 inajulikana kwa tatizo la rafadha ya mkia kushindwa kuishika pua ya chombo katika mwendo mdogo, hasa ikiwa imebeba mzigo mzito na upepo ukitoka kushoto au nyuma. Pua huanza kuzunguka kulia, na rubani asiposukuma pedali ya kushoto mara moja na kwa ukamilifu, mzunguko humshinda. Jeshi la Marekani lililitambua tatizo hili katika helikopta hizi hizi, na mwaka 1995 mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilitoa waraka wa kuwaelimisha marubani wote. Tazameni sasa kazi ya kunyunyizia: chombo kizito kwa dawa, chini sana, kikigeuka polepole mwisho wa kila mstari, upepo ukibadilika upande kila kinapogeuka. Ni hali zilezile, na kimo cha kujiokoa hakipo. Rubani aliyezoea helikopta za Kifaransa kama Gazelle au Alouette anahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu rafadha kuu za huko huzunguka upande wa pili na mguu wake umezoea pedali nyingine.

Ikiwa mamlaka imekubali, kadi zote zipo, vipuri vya ukoo wa JetRanger vinapatikana kwa mwenye hesabu safi, na mmempata rubani mwenye saa nyingi katika aina hii na katika kazi hii, basi sina pingamizi. Helikopta za namna hiyo zinafanya kazi mashambani na misituni kwa miaka mingi, tena kwa heshima. Likikosekana moja kati ya hayo manne, jibu langu ni msinunue. Na muuzaji akiwaambia kwamba nyaraka zitafuata baada ya malipo, ondokeni hapo siku hiyohiyo.